Jinsi ya kuichambua Othello kwa kuwafuata wahusika wake

Insha nyingi za Othello ninazosahihisha hapa Dodoma zina sura moja. Dhamira ya kwanza ni ubaguzi wa rangi, inapewa aya yake na mifano mitatu. Dhamira ya pili ni nafasi ya mwanamke, nayo inapewa aya yake na mifano mitatu. Basi, imekwisha. Alama zitapatikana, lakini mwanafunzi amepitwa na jambo lenyewe. Katika tanzia hii ya Shakespeare, dhamira hizo mbili hazikai vyumba tofauti. Iago, askari aliye chini ya jenerali Othello, anammaliza mwanamume mweusi na mwanamke mweupe kwa sentensi ya aina moja: "watu wa namna ile, ndivyo walivyo." Na Othello, huyo jenerali mweusi wa Venice, ambaye sentensi hiyo imemchoma maisha yake yote, ndiye anayeimeza nzima inaposemwa juu ya mkewe.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mwalimu au kiongozi wa kikundi cha usomaji anayetaka kufika hapo kwa kufuata maneno ya wahusika wenyewe. Nukuu zote nimezitafsiri kwa mkono wangu, kwa hiyo ukiandika insha chukua maneno yaliyomo kwenye nakala yako.

Kabla ya kuanza

Tafuta tamthilia kamili, achana na muhtasari. Muhtasari wa kwenye simu utakueleza nani kamuua nani. Hautakueleza nani alimsema nani, wakati gani, akiwa hayupo, na kazi yetu yote iko hapo. Kama kikundi kina nakala moja tu, pigeni fotokopi ya maonyesho matano: Sehemu ya 1 onyesho la 1 na la 3, Sehemu ya 3 onyesho la 3, Sehemu ya 4 onyesho la 3, na Sehemu ya 5 onyesho la 2. Yaliyobaki asimulie aliyesoma.

Historia ya kukutosha ni hii. Tamthilia iliandikwa kati ya 1603 na 1604 hivi, na tunajua ilichezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza tarehe 1 Novemba 1604. Ilichapwa mara ya kwanza 1622, miaka sita baada ya mwandishi kufa. Kisa chenyewe Shakespeare alikitoa kwa Mwitaliano Giraldi Cinthio, aliyekichapa 1565. Katika kisa hicho cha zamani ni mke peke yake aliyepewa jina, na mke wa yule mbaya anajua njama yote lakini ananyamaza kwa kumwogopa mumewe. Shika hilo la mwisho, tutalihitaji tukifika kwa Emilia, mke wa Iago.

Hatua ya kwanza: fungua daftari la nani kasema

Gawa ukurasa safu nne. Anayesema, anayesemwa, kama anayesemwa yupo au hayupo, na ushahidi uliotolewa.

Anza na onyesho la kwanza kabisa. Ni usiku mjini Venice. Iago na Roderigo, mchumba aliyekataliwa, wako chini ya dirisha la seneta Brabantio, wanamwamsha wamwambie kuwa binti yake Desdemona ametoroshwa. Andika kila jina wanalompa mwanamume aliyemchukua. Utapata "mwenye midomo minene", utapata "kondoo dume mzee mweusi" anayempanda kondoo jike mweupe wa mzee, "farasi wa Barbary", "shetani". Na utapata "Mmoor" mara kwa mara, jina ambalo Wazungu wa zama hizo waliwaita watu wa Afrika Kaskazini, na mara nyingi watu weusi kwa jumla. Jina lake halisi hutalipata. Onyesho la kwanza linapita, la pili linapita, hadi mtawala wa Venice anapomwita "Othello shujaa" katika onyesho la tatu, kwa kuwa ana kazi ya kumpa.

Safu ya tatu itajaa "hayupo". Safu ya ushahidi itabaki tupu. Mwache msomaji aione mwenyewe hiyo nafasi tupu, ukimtangulia kumwambia unamharibia.

Sasa rudi kwenye mistari ile ile utazame Desdemona ametajwaje. Iago anapiga yowe la wezi: mzee, angalia nyumba yako, binti yako na mifuko yako! Binti yuko katikati ya nyumba na mifuko ya fedha. Hatujamaliza ukurasa wa pili, na tayari mmoja ni mnyama na mwingine ni mali iliyoibwa. Zote mbili zimetoka kinywa kimoja, kwa pumzi moja. Andika zote kwenye daftari moja, usizitenganishe.

Hatua ya pili: msikilize Brabantio kama mkwe, kisha sikiliza baraza

Brabantio ndiye mhusika ambaye wasomaji wa huku humwelewa upesi kuliko wote. Ni baba mwenye cheo, ana binti mmoja, na mkwe amejitokeza bila mshenga. Dai lake ni kwamba Othello amempa binti dawa. Sisi tungesema limbwata. Mitaani kwetu limbwata kwa kawaida ni shutuma ya mwanamke, kwa hiyo wasomaji hucheka kidogo kuona hapa linadaiwa kwa jenerali mzima. Waache wacheke, kisha wasome sababu anayoitoa: haiwezekani binti mpole, aliyewakataa vijana matajiri wa Venice, akimbilie kifua cheusi kama masizi kwa hiari yake.

Uliza: katika dai hilo katukanwa nani? Wengi watajibu Othello. Subiri. Baada ya muda mtu mmoja, na kwa kawaida ni msichana, atasema wametukanwa wote wawili. Othello hawezi kupendwa ila kwa uchawi, na Desdemona hana kichwa cha kuchagua. Huwezi kumtukana mmoja kwa namna hiyo bila kumgusa mwenzake.

Lakini Othello analiambia baraza kuwa mzee huyu alimpenda, akamwalika nyumbani mara nyingi asimulie vita na safari zake. Kwa hiyo shida ya Brabantio haikuwa kuketi na mtu mweusi. Dodoma imejaa watu wa kuja, zaidi tangu serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, na kila ofisi ina watu wa makabila na dini mbalimbali wanaoagiza chakula cha mchana pamoja bila neno. Hapo kikundi kitajisifu kwamba sisi hatuna ubaguzi. Ndipo uulize la pili: na mwenzako huyo akija kuposa kwenu? Ukimya utakaofuata utakupa nusu ya uchambuzi wa Brabantio.

Mtawala naye apewe ukurasa wake, kwa sababu ni mtu mwema na hivyo hupita bila kukaguliwa. Kabla hajajua nani anashtakiwa, anaahidi sheria kali hata kama mkosaji ni mwanawe wa kumzaa. Akitajiwa Othello, sauti inashuka. Waturuki wanaelekea Cyprus na jenerali anahitajika usiku huo huo. Kisha anamfariji mzee: kama wema una uzuri, mkwe wako ni mweupe kuliko alivyo mweusi. Wanafunzi huiandika hii kama mfano wa mtu asiyebagua. Mimi naiona ngumu kuliko tusi la Iago. Tusi unalijua ni tusi, lakini hapa mtu anasifiwa kwa kuondolewa rangi yake, na anatakiwa ashukuru.

Kabla ya kutoka, Brabantio anamwachia Othello mstari mmoja: mwangalie, Mmoor, kama una macho, amemdanganya baba yake, na wewe anaweza kukudanganya. Utie alama nyekundu.

Hatua ya tatu: someni kwa sauti Sehemu ya 3, onyesho la 3

Hapa tulia. Ndipo Iago anapomtia Othello shaka kwamba Desdemona anatembea na Cassio, luteni wake. Ukiwa na saa mbili za kikundi, toa moja kwa onyesho hili.

Wasomaji wawe wawili, Iago na Othello. Wa tatu ashike daftari na anyooshe mkono kila mtu anaposema juu ya kundi zima badala ya mtu mmoja. Mkono utapanda mapema. Iago anamwambia: mimi nawajua watu wa kwetu, kule Venice wake humwonyesha Mungu mambo wasiyothubutu kuwaonyesha waume zao. Othello anajibu kwa swali fupi sana: "Unasema hivyo?"

Simamisheni usomaji hapo. Kwa nini jenerali anauliza badala ya kukanusha? Rudi Sehemu ya 1 onyesho la 3. Othello aliliambia baraza kwamba tangu mikono yake ilipopata nguvu ya miaka saba amekuwa kwenye mahema ya vita, hadi miezi tisa iliyopita. Hajui nyumba za Venice, hajui wake wa Venice wanaishije. Iago ni mwenyeji. Ule ugeni ambao Venice ilimtupia usoni katika onyesho la kwanza ndio sasa unamfanya aombe mwenyeji amweleze mke wake mwenyewe. Ukielewa hapo, umeelewa jinsi ubaguzi wa rangi na ubaguzi wa kijinsia vinavyofungana katika tamthilia hii, na hutahitaji tena aya mbili zisizosalimiana.

Endeleeni. Iago anaokota ule mstari wenye alama nyekundu: alimdanganya baba yake alipoolewa na wewe. Maneno ya baba mbaguzi yametumika tena, safari hii kama ushahidi dhidi ya binti. Kisha linakuja jambo ambalo wasomaji wengi hulikosa kwa sababu ya haraka. Ni Othello mwenyewe anayeanza kusema, "Na bado, jinsi maumbile yanavyopotoka..." Hamalizi. Iago anamkata: hapo hasa! Kukataa wachumba wa nchi yake, wa rangi yake, wa hadhi yake, jambo ambalo maumbile yote huelekea! Yaani kumpenda Othello ndiko upotofu. Mume amekubali kuwa mapenzi ya mkewe kwake ni dalili ya ugonjwa, na kama ni ugonjwa, utamhamishia kwa mwingine.

Akibaki peke yake katika uzungumzi nafsia, Othello anatafuta sababu: labda kwa kuwa mimi ni mweusi, labda sina maneno laini ya watu wa vyumbani, labda umri umeanza kushuka. Mwenye daftari sasa asome safu ya ushahidi kwa sauti. Iago bado hajaonyesha kitu. Leso yenye picha za matunda, zawadi ya Othello kwa mkewe ambayo Iago ataigeuza ushahidi na baadaye watu wote wataisema, bado haijadondoka.

Juu ya leso sitakawia. Imeandikwa sana. Itazame tu inapita mikononi mwa nani: Othello, Desdemona, Emilia, Iago, Cassio, Bianca. Wanawake watatu wanaigusa, na kila mmoja inamletea balaa.

Hatua ya nne: wanawake, mmoja mmoja

Sentensi ya "Desdemona ni mwanamke dhaifu" iondoe kwenye insha yako. Tengeneza orodha ya aliyoyafanya katika Sehemu ya 1. Kachagua mume, kaolewa bila ruhusa, kasimama mbele ya maseneta akamwambia baba yake kwamba wajibu wake umegawanyika kama wa mama yake ulivyogawanyika, na kaomba kwenda vitani na mumewe. Sasa linganisha na Sehemu ya 5, mumewe akiwa amemziba pumzi kitandani, anapoulizwa na Emilia nani kamuua, akasema hakuna mtu, ni mimi mwenyewe. Swali la uchambuzi ni nini kimetokea katikati. Jibu moja liko kwenye mandhari: Cyprus ni kambi ya askari, ndugu zake wako ng'ambo ya bahari, na kila anayemfahamu pale ni mtu wa mumewe.

Ndugu mmoja hufika, Lodovico. Anamwona Othello akimpiga Desdemona kofi hadharani katika Sehemu ya 4. Anasema Venice wasingeamini hata yeye akiapa, na anamtaka Othello amwombe radhi. Kisha angalia Lodovico yuko wapi onyesho la 3 linapoanza: ametoka kula chakula cha jioni nyumbani humo, anamshukuru mwenye nyumba na kuaga. Shakespeare hasemi neno juu ya hilo. Wewe sema, kwa sababu yule shangazi na yule mjomba waliokwisha kuona na wakaaga vizuri tunawajua.

Emilia ndiye ninayempenda kuliko wote, na ndiye mgumu kuliko wote. Anaokota leso na kumpa mumewe, kwa maelezo kwamba yeye hana lolote ila kuridhisha matakwa yake. Desdemona, ambaye Emilia anamtumikia, anapoitafuta, Emilia anasema hajui ilipo. Kwa hiyo ana mkono katika kifo cha Desdemona. Ni huyu huyu aliyesema wanaume wote ni matumbo na sisi ni chakula tu. Hutula kwa ulafi, wakishiba hututapika. Na usiku ule wa mwisho anamwambia Desdemona: waume wajue kwamba wake zao wana hisia kama wao, wanaona, wananusa, wana ulimi wa kuonja tamu na chungu. Mwaka 1604 maneno hayo yalisemwa na mvulana aliyevalishwa gauni, maana wanawake hawakuruhusiwa kupanda jukwaa la Uingereza.

Onyesho la mwisho mumewe anamwamuru aende nyumbani. Anajibu kuwa ni haki amtii, lakini si sasa. Na pengine, Iago, sitarudi nyumbani kamwe. Mke wa kisa cha Cinthio alinyamaza. Huyu anasema, na anachomwa kisu kwa kusema. Iago, mwenye mistari mingi kuliko mhusika yeyote, hata Othello, naye anaapa kutotamka neno tena.

Usimfanye malaika, hata hivyo. Akijua Desdemona ameuawa, Emilia anamwita Othello shetani mweusi, na ndoa ile anaiita biashara chafu. Anayeona ukatili wa waume vizuri kuliko wote bado anatumia msamiati wa Iago juu ya rangi. Na Othello, anayejua kubaguliwa, anasema kitandani kwamba lazima Desdemona afe asije akawasaliti wanaume wengine. Ziweke sentensi hizo mbili katika aya moja ya insha yako.

Bianca namwacha hadi hatua ya mwisho.

Hatua ya tano: mjadala

Mjadala ukimfikia Othello na kofi, utasikia mtu akisema, "Mwalimu, zamani ndivyo ilivyokuwa." Usibishane, uliza ya sasa inasemaje. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kisha rudi kwa Lodovico, asije mjadala ukaishia kwenye sheria.

Mifano ya nyumbani itumieni, ila mchague. Kila mtu wa Dodoma amewahi kusikia Mgogo akiitwa ombaomba katika mji mwingine, na hapo mtu anaelewa kwa mwili wake sentensi ya "ndivyo walivyo" inavyofanya kazi. Utani wa makabila ni jambo jingine, una pande mbili na una ruhusa. Tofauti hiyo waache wenyewe waitafute, ni mjadala mzuri. Ila mkifika mahali mnasema Othello ni Mgogo na Venice ni Dar es Salaam, rudini kwenye kitabu. Othello ni jenerali aliyeajiriwa kupigana na Waturuki, na anapojiua anajifananisha na Mturuki aliyewahi kumuua huko Aleppo. Hilo halina mfano wa hapa.

Mkitaka kuigiza onyesho moja, chagueni Sehemu ya 4 onyesho la 3, wanawake wawili, Desdemona na Emilia, na wimbo wa mti wa majonzi (willow). Muheme, ngoma ya Wagogo, tunaupenda na hupigwa na wanawake, lakini ngoma zake zitaufunika wimbo huu. Ilimba moja, ala ya vidole, inatosha. Na suala la rangi ya ngozi msiliogope. Kwa muda mrefu Othello alichezwa na wazungu waliojipaka rangi. Mmarekani mweusi Ira Aldridge alimcheza Covent Garden, London, mwaka 1833, Paul Robeson alimcheza London 1930 na Broadway 1943, na John Kani alimcheza Johannesburg 1987, ubaguzi wa makaburu ukiwa bado ni sheria. Dodoma wahusika wote watakuwa weusi. Jiulizeni basi Othello atofautishwe kwa nini: lafudhi, dini, mavazi, mji alikotoka? Jibu mtakalochagua litaonyesha ubaguzi mnaoujua.

Hatua ya sita: andika aya, kisha mtafute Bianca

Aya dhaifu husema: "Shakespeare anaonyesha ubaguzi wa rangi kupitia Othello na ukandamizaji wa wanawake kupitia Desdemona." Aya yenye nguvu hushika tukio moja: "Iago anapodai kuwa wake wa Venice huwaficha waume zao mambo, Othello hakanushi, anauliza. Anauliza kwa sababu ni mgeni, na ugeni huo Venice ndiyo iliyomkumbusha tangu usiku wa ndoa yake. Hivyo dharau dhidi ya wanawake inapata njia kupitia jeraha la ubaguzi wa rangi." Ina nani, wapi, kwa nini, na imefunga dhamira mbili kwa fundo moja. Andika aya nne za namna hiyo na insha imekamilika.

Ukimaliza, pekua insha yako uone kama Bianca yumo. Kwa kawaida hayumo. Ni mwanamke wa Cyprus anayempenda Cassio. Kwenye Sehemu ya 4 onyesho la 1, Iago anamchokoza Cassio amzungumzie Bianca, Cassio anacheka na kuigiza jinsi anavyomning'inia shingoni. Othello amejificha pembeni, anadhani anayechekwa ni Desdemona. Binti wa seneta na mwanamke anayeitwa malaya wanabadilishana nafasi katika kicheko kimoja, na mume haoni tofauti. Onyesho la 1 la Sehemu ya 5, Cassio akiwa amejeruhiwa gizani, Iago anamnyooshea kidole Bianca kwa kuwa tu amebadilika rangi ya uso, na Emilia anamwita malaya. Bianca anamjibu kuwa yeye si malaya, maisha yake ni safi sawa na ya huyo anayemtukana. Anaondolewa akiwa mtuhumiwa na haonekani tena jukwaani.

Chukua daftari lako la safu nne umjazie ukurasa wake: nani anamsema, yupo au hayupo, ushahidi gani. Ni dakika kumi za kazi, na aya yako ya tano itatoka hapo.